Chumba cha Mama Mkwe

Ngoie, binti yangu,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa mtaa wetu wa Dilala, na ninavyowajua hawatakuachilia mpaka kila nyumba ikulishe bukari. Mama yako yuko ndani anakunja upya nguo alizokwisha kuzikunja asubuhi. Mimi nimekaa barazani, kompyuta nimeifunga, ninaandika kwa kalamu kwa sababu mambo haya nikiyapiga kwa mashine yatageuka ripoti. Ripoti nimeandika za kutosha maishani, na kuna moja ambayo bado inaninyima raha.

Habari za koti la baridi, dawa za malaria na wanaume watakaokuambia kwamba wanaifahamu Kolwezi yetu, hizo ni za mama yako. Atakueleza kwenye kituo cha basi, atakueleza tena kwa simu, na usipoitika atamtuma pasta akueleze. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jibu la swali uliloniuliza wiki iliyopita.

Kesho unapanda basi la Lubumbashi, kisha mpaka, kisha kusini zaidi, hadi kile kituo ambako wataalamu wa nchi zetu hukaa pamoja kukadiria mvua za miaka ijayo zitakuwaje, na kuzishauri serikali zijitayarishe vipi. Nimefurahi. Nina huzuni pia, na kati ya hizo mbili huzuni ndiyo nzito. Nilikuambia kwamba siku hizi nimenyamaza kwa sababu ya jino. Jino langu ni zima.

Ulikuwa umeziinamia ramani zangu za Kasulo, kwa bibi yako Kaku: ile tuliyoichora mtaani na ile ya mwisho iliyopelekwa kwa wakubwa. Ukauliza bila kuinua kichwa: "Papa, barabara ya Kaku huku iko nyeupe, huku iko kijani. Nani alipaka kijani?"

Nikakujibu kwamba data haikutosha, nikainuka kwenda kuangalia kama betri imejaa. Jibu lile lilikuwa la kweli, kama vile ni kweli mtu aliyezama kusema kwamba hewa haikumtosha. Uliniangalia nikienda, nami nikahisi macho yako mgongoni mpaka kwenye betri, ambayo hata haikuwa imeunganishwa.

Sasa nikujibu.

Unaijua desturi yetu ya ukwe, ingawa ninyi wa siku hizi mnaicheka. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mke wake. Hali naye chakula, hasemi naye ana kwa ana, na chumba chake cha kulala hata mlango wake haukaribii. Wala desturi haiishii kwake peke yake. Wanawake wa rika lake waliopakana naye, wanaomwita dada na kuazimana naye chumvi, wote ni wakwe zako. Nilipokuwa nimemposa mama yako, siku moja nilimwona Kaku anakuja njiani na beseni la mihogo kichwani. Nikaruka ua wa watu nisiowajua, nikaangukia katikati ya wanawake wanaofua. Badala ya kunifukuza walinipigia vigelegele. Mtaa mzima ukasema huyu kijana amelelewa vizuri, na baba mkwe, Mungu amlaze pema, akapunguza mahari palepale. Hivyo unaona heshima hiyo ilinilipa tangu mwanzo.

Kisha ukazaliwa wewe, ukawa barabara yetu. Ulipoanza tu kusema, Kaku alipata mdomo wa kunifikia. Alikaa kwenye mkeka wake karibu na jiko, mimi kwenye kiti nimempa mgongo, na kati yetu hapakuwa na nafasi hata ya kulaza mbuzi. Alisema, nikisikia kila neno: "Ngoie, ambia tata yako sombe imeiva." Nawe ulizivuka hatua zile chache kwa uso wa balozi na kunitangazia: "Papa, Kaku anasema sombe imeiva." Nilikuambia umwambie aksanti, nawe ukarudi na aksanti yangu, na Kaku akakulipa karanga. Tuliishi hivyo miaka yote ya utoto wako, na ninakuambia kweli, sijapata kuwa na mazungumzo mazuri na mtu kuliko yale.

Basi ikaja kazi ya mpango wa mkoa. Unakumbuka wakati ule mvua zilivyoanza kuharibika tabia. Zilichelewa, watu wakapanda mahindi yakaungua, halafu zikashuka kwa hasira za mwezi mzima kwa mara moja. Mifereji ya zamani, iliyochimbwa enzi za kampuni ya migodi kwa ajili ya mvua za zamani, ikawa inatapika. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kuandaa mpango wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na sehemu ya kwanza ilikuwa mfereji mkubwa wa kuyatoa maji Kasulo. Kiongozi wetu alikuwa Mama Odia, yule mwanamke wa asili ya Kasai mwenye miwani ya kamba uliyezoea kumwita Mama Maji. Yeye ndiye aliyesema kwamba kujua mvua peke yake haitoshi. Lazima tujue maji yatapita juu ya nini, kwa maana Kasulo watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na ardhi ya pale ni kama mkate ulioliwa na panya.

Kuchimba kulikuwa kumekatazwa. Kwa hiyo watu walichimba ndani, na ndani kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki hata akiwa amevaa kofia ya serikali. Walichimba chumbani, chini ya kitanda.

Tuligawana barabara. Nyumba yenye shimo tuiandike nyekundu, yenye ardhi ngumu tuiandike kijani, ile ambayo hatukuiona ibaki nyeupe. Mimi nikapewa barabara ya Kaku, kwa sababu nilikuwa ninafahamika pale. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Mama, pale ni ukweni kwangu, nipe barabara nyingine." Ni maneno ya pumzi moja. Mwenzangu yeyote angebadilishana nami, na juu ya hilo angenisifu.

Sikusema. Nataka ujue ni kwa nini, kwa sababu nikiliacha hili utadhani papa yako alikuwa mtumwa wa mila tu, na hapo utakuwa umenipendelea. Nilikuwa ninajua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilikuwa na macho. Mjomba wako Kalenga, aliyekuwa akikaa na Kaku, alikuwa amenunua pikipiki mpya bila kazi inayojulikana. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu ambao haupatikani juu ya ardhi, na nyuma ya jiko palikuwa na mifuko iliyofunikwa magunzi ya mahindi, kana kwamba kuna mtu anayelinda magunzi. Nilijua mwingine akipewa barabara ile angeingia, angeona, angeandika nyekundu, na Kalenga angekamatwa au Kaku angehamishwa. Mimi nikipewa, nisingeweza kuingia. Desturi ingenikataza, na yale ambayo sikuyaona nisingelazimika kuyaandika. Mila yetu ni nzuri, Ngoie, na mimi niliitumia kama pazia.

Siku ya kupima ulikuwepo. Ulikuwa umekuja likizo, umekwisha kuwa msichana mkubwa, umekaa na Kaku mnamenya karanga. Nilikaa kwenye kiti changu, mgongo kwao, karatasi mapajani. Nikakutuma umuulize kama paa linavuja. Ukarudi na jibu. Nikakutuma umuulize maji ya mvua iliyopita yalifika wapi. Akaonyesha kwa mkono, nawe ukanieleza. Kisha nikanyamaza. Nakumbuka Kaku naye aliacha kumenya. Karanga zilikuwa mkononi mwake na hazikulia. Nikafunga karatasi, nikakutuma useme aksanti, nikahamia nyumba ya jirani ambako pia sikuingia, na ya jirani yake vilevile. Barabara nzima ikabaki nyeupe.

Mama Odia aliiona jioni ileile ofisini, maana hakuna kitu kinachompita. Akagonga ramani kwa kalamu, akiulizia udongo wa pale: "Tata, huku bulongo iko nguvu, ama haukuingia?"

"Ni ukwe, Mama," nikamwambia.

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa sababu yeye mwenyewe ana mkwe anayekimbilia nyuma ya magari akimwona. Angekuwa mgeni kutoka mbali angekasirika, angenirudisha kesho yake na mwenzangu, na mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa mtu wetu. Tulielewana, na maelewano yale yalikuwa mabaya kuliko ugomvi wowote.

Kuhusu nani alipaka kijani, jibu ni kwamba hakuna mtu. Kompyuta haipendi mahali patupu, wewe unajua kuliko mimi. Ukiiachia, hutazama majirani na kujaza kwa kufananisha. Barabara zilizopakana na ile ya Kaku zilikuwa za ardhi ngumu, mashine ikaona na hii itakuwa hivyohivyo. Niliitazama ikigeuka kijani kwenye kioo. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikanywa chai yangu.

Mfereji ukapitishwa pale, kwa kuwa palikuwa kijani.

Mengine unayajua, ila uliyajua kwa simu ukiwa chuoni, na simu ile nilikupigia mimi. Mvua ile kubwa iliujaza mfereji ukapasuka ubavuni mwa barabara ya Kaku, maji yakaingia nyumbani na kutafuta njia ya chini. Kalenga alimbeba mama yake mgongoni akamweka kwa jirani penye mwinuko. Kisha akarudi kuchukua godoro. Lilikuwa jipya, alilinunua yeye kwa pesa za shimo lilelile, na sakafu ya chumba ikaondoka chini yake. Alikuwa na umri ulio nao wewe leo. Alikufundisha kuendesha baiskeli, akakukopesha jina la uongo la kuwatishia wavulana, na mimi, shemeji yake, nilikuwa na karatasi mapajani siku ambayo ningemwokoa. Ninaliandika hivi bila kuzunguka kwa sababu ndivyo lilivyo.

Kwenye kilio nilikaa na wakwe wenzangu nje, nikanunua mbao za jeneza kama inavyompasa mkwe, nikachimba kaburi kwa mikono hii mpaka ikatoka malengelenge. Kila mtu alisema nimefanya vizuri. Watu walisema ni mvua. Mimi nilisema ni mvua. Na kwenye ripoti, Ngoie, ile niliyotaja mwanzo, niliandika kwamba nyumba iliharibiwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida, iliyotokana na mabadiliko ya tabianchi.

Mwaka uliofuata nikaitwa kwenye mkutano wa wataalamu wa kanda, hoteli nzuri, kila mtu na jina lake kifuani. Nikaonyesha mchoro wa mvua ile. Ulipanda juu kama mti ulio peke yake uwandani, na watu wakanong'ona kwa mshangao. Mtaalamu mmoja akaniomba mchoro ule autumie kwao. Tukapiga makofi, tukaenda kwenye chai. Kalenga alikuwa ndani ya mchoro ule na hakuna aliyemwona, na mimi niliyemwona nilikuwa ninachagua kati ya keki na maandazi.

Sikuandikii ili uidharau kazi unayoiendea. Mabadiliko ya tabianchi ni ya kweli, mimi nimeyapima kwa mikono yangu, na watu wa kule uendako ni waaminifu na wanakesha. Lakini utaona, na hili hakuna atakayekufundisha, kwamba mvua haina wakili. Ukiitupia kosa lolote, itabeba. Mfereji uliojengwa vibaya, daraja lililojengwa kwa saruji ya wizi, ramani yenye uongo, vyote vinaweza kulala chini ya jina hilo moja kubwa na asiwepo wa kuviamsha. Nimewaona wakubwa wakifanya hivyo, nikawacheka. Mimi nilikuwa nimewatangulia.

Hayo ndiyo niliyoishi nayo. Ningeendelea kuishi nayo, maana mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Lakini juzi Mama Odia alinipigia simu. Mpango wa awamu ya pili unaandaliwa, mfereji utapanuliwa, na safari hii ramani za mkoa zinapelekwa kwenye kituo cha kanda zikahakikiwe. Akasema kwa furaha, "Zinaenda kwa binti yako." Zinakwenda kama zilivyo, na ile kijani. Nikaelewa kwamba maji mengi kuliko yale ya kwanza yatapitishwa mlangoni mwa Kaku, na atakayetia muhuri kwamba ardhi ni ngumu ni wewe.

Leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nilimwamsha mama yako. Nikamwambia nataka kuondoa ukwe. Aliinuka kitandani. Kisha akaenda kutafuta kitenge kipya na kumshika yule jogoo mweupe aliyekuwa anamweka kwa ajili ya sikukuu. Desturi ina mlango wake wa kutokea, nao siku zote uliniruhusu. Unampelekea mama mkwe kuku na kitenge, mbele ya shahidi, naye akipokea anakuita kwa jina lako, na kuanzia hapo mnaweza kuonana. Wanaume wengi hufanya hivyo mtoto wa kwanza akianza kutembea. Mimi sikufanya. Nilisema nitafanya kesho, na kesho ikazeeka.

Kaku alikuwa anafagia. Mama yako akasema maneno yanayosemwa, akaweka kitenge juu ya mkeka. Kaku hakukigusa mara moja. Alifagia mpaka mwisho wa ua, akarudi akifuta mikono, akakiokota, akakifunga kiunoni juu ya kile alichovaa. Nilikuwa nimeinama, ninatazama miguu yake. Ndipo nikasikia jina langu, Monga, kwa sauti ambayo nimeisikia nusu ya maisha yangu ikisema na watu wengine.

Nikainua macho. Amezeeka, Ngoie. Nilikuwa na picha yake ya ujana, ile niliyoiiba njiani siku ya beseni, na mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa kizee mdogo wa umbo mwenye macho mekundu ya vumbi. Nilisikia aibu kwamba simfahamu sura.

Hakunikaribisha kiti. Aliingia ndani, nikamfuata, tukapita sebuleni, akafungua mlango wa chumba. Analala humo mpaka leo. Majirani walijaza lile shimo kwa vifusi baada ya kumtoa mwanawe, na yeye akarudisha kitanda palepale, kwa sababu, alisema, mahali alipoteremkia mtoto hapaachwi peke yake. Akaniambia nisogeze kitanda. Nikasogeza. Akainua mkeka. Kando ya vifusi kuna mdomo mwingine, umefunikwa kwa mbao, ambao Kalenga aliuchimba kuelekea nyumba ya jirani, na jirani naye kachimba kuja huku, mpaka wakakutana. Nikaondoa ubao nikatupa jiwe. Lilibingirika kwa muda mrefu chini ya barabara, kuelekea mferejini, na sikusikia mahali liliposimama.

Nilipiga magoti pale chumbani kwa mama mkwe wangu, mahali ambapo mwanamume wa kwetu hapaswi hata kuota ndotoni, na nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia.

"Mi nilikuwa nangojea uulize," akasema. "Ile siku ya makaratasi. Uliuliza paa, uliuliza mayi, nikasema sasa ataulizia shimo. Mutoto alikuwa pale. Ungemutuma tu, ningekujibu."

Ndiyo maana karanga zilinyamaza. Desturi ilinikataza kuingia, Ngoie. Kuuliza haikunikataza kamwe. Wewe ulikuwa umekaa pale, hatua chache, na mdomo wako ulio tayari, na sikukutuma.

Nilimwomba aje Dilala leoleo. Mama yako akalia, akamwomba pia. Akakataa, na sababu yake sikuweza kuishinda. "Mi nikitoka," akasema, "nani atakufungulia milango ya bale bengine? Wale nao ni bakwe bako." Tumekubaliana kwamba kuanzia kesho, nikisha kukusindikiza, tutapita pamoja nyumba kwa nyumba, yeye mbele, mimi nyuma na kuku wangu, mpaka barabara yote iwe na rangi yake ya kweli. Mama Odia atakuja. Nilipompigia na kumweleza hakucheka safari hii. Alisema alipaswa kunirudisha siku ileile.

Karatasi niliyoweka ndani ya bahasha hii ni nyumba ya Kaku, niliyoichora mchana huu, na njia ya shimo kwa kadiri nilivyoweza kuikisia. Ni nyekundu. Nyingine bado ni nyeupe. Ukifika, watakuonyesha ramani ya kijani yenye jina langu chini yake. Waambie jina hilo ni la papa yako na kwamba alikosea. Usitafute maneno laini. Na mahali patakapokuwa peupe, hata wakikuharakisha, hata mkutano ukiwa kesho, usiiachie mashine ipajaze. Pabaki peupe mpaka mtu aingie.

Nilitaka kumalizia hapo, kwa baraka kidogo kama wazazi wengine. Nilikuwa na maneno mazuri kuhusu marehemu babu yako.

Lakini kuna kitu kimegonga mabati. Nilidhani ni ndege. Kimegonga tena, na sasa ua wote umebadilika harufu. Mwezi huu mzima tumeitazama mbingu tukilalamika kwamba mvua imechelewa, na imechagua leo. Upande wa Kasulo hata nyumba hazionekani tena. Mama yako ametoka na nguo yako mkononi, anatazama upande uleule. Na mimi jiwe lile bado ninalisikia likibingirika.

Barua ninaiacha juu ya sanduku lako. Nimesimamisha pikipiki barabarani, kijana anapiga honi. Usiponiona usiku huu usije kunitafuta, na usiponiona asubuhi kwenye basi, panda. Wakikuuliza huko papa yako yuko wapi, waambie yuko Kasulo, chumbani kwa mama mkwe wake, anambeba mgongoni kumtoa nje, na hakuna atakayerudi kuchukua godoro.

Papa yako,
Monga